Maana Mbili za Yakhe

Baba yangu alimwita kila mtu yakhe. Mteja yakhe, mpagazi yakhe, hata mgambo aliyekuja kufukuza waliopanga vitu barabarani naye yakhe. Asubuhi moja pale sokoni Tandale, tunakouza vitunguu, nilimhesabia kabla watu hawajajaa: mara thelathini na moja. Nikarudia hesabu, zikawa thelathini na mbili, kwa sababu wakati narudia alikuwa ameniita mie.

Kwake lilikuwa neno la wazee wake wa Pwani, la kumwita mtu ndugu yangu. Mjini neno hilo limeshuka cheo. Siku hizi ukisema akina yakhe watu wanaelewa makabwela, walalahoi, wale wanaonunua kitunguu kimoja na kuomba wakatiwe nusu. Baba alizijua maana zote mbili, na sijawahi kumsikia akizitenganisha.

Nilipompata binti wa Boko, mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mshenga alipeleka barua ya posa, ikapokewa, kisha tukaitwa tukajulikane. Baba mkubwa alikuwa anaumwa, basi nikaenda mwenyewe, kinyume cha desturi, ili tusionekane hatuna watu. Mie, baba na mshenga, tulikuwa watatu. Tulipofika getini nikahesabu tena: watatu. Sebuleni wenzetu walikuwa kumi na mmoja.

Baba wa binti alikuwa ofisa mstaafu, mpole, suruali yake imepigwa pasi utadhani anarudi kazini kesho. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Baba, kwa furaha aliyokuwa nayo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Yakhe, tumekuja kuungana. Sie sote akina yakhe tu, hapa hakuna mgeni."

Mzee yule, bila kupandisha sauti, akauliza akina yakhe ni akina nani katika nyumba ile.

Hapo nilitakiwa nifunge mdomo, baba ajibu mwenyewe. Alikuwa na jibu. Nilimwona anavuta pumzi. Lakini mie ni mtu wa kupatana bei, nikiona mteja anageuza mguu napunguza.

"Msamehe mzee wangu, baba," nikasema. "Kiswahili chake cha zamani. Hakukusudia kwamba nyie ni watu wa chini kama sie."

Kama sie. Nilijipunguza mwenyewe, nikampunguza na baba, na hakuna aliyekuwa ameomba punguzo. Baba aliuachia ule mkono taratibu. Akakaa, akanywa soda, akajibu kila alichoulizwa, na neno lile hakulitamka tena mpaka tunaaga.

Baada ya wiki mbili mshenga akaleta jibu: binti bado anasoma. Binti alikuwa amemaliza chuo miaka miwili nyuma. Nilihesabu mara mbili, haikusaidia. Alinipigia simu mara moja tu, analia, akaniambia baba yake hakukasirishwa na neno la mzee wangu. Maana yake aliijua tangu utotoni, ila alitaka kuisikia kwa mwenyewe. Kilichomrudisha nyuma ni mie. Baba yake alisema kijana anayemwombea baba yake radhi kwa sababu ya alivyo, kesho atamwombea radhi na mkewe.

Baba hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Ila tangu siku ile wateja anawaita bosi, wapagazi anawaita wakubwa, na mie ananiita kwa jina langu lote, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nimeshinda naye siku nyingi nikisikiliza. Hesabu inatoka sifuri, nikirudia inatoka ileile.

Juzi mchana soko lilipoa, nikajikaza.

"Yakhe," nikamwita.

Akageuka nyuma kuangalia ni nani anaitwa. Nyuma yake kulikuwa na magunia tu. Akanitazama, akajifuta mikono.

"Kuna mteja, bosi?"