Mzee Niliyemshusha kwa Gari la Siakago

Mdomo wangu huu karibu umkoseshe mjukuu wangu bibi. Nilikuwa naenda Siakago kuona wazazi wa msichana anayemtaka. Nikitoka Runyenjes lazima nibadilishe gari Embu, na makanga wa steji hiyo huketisha abiria wa uongo ili gari lionekane limejaa. Walishanidanganya hivyo mara mbili.

Nilipopanda gari la Siakago, mzee mmoja aliyeketi akasogea anipishe kwa kiti, nikamwambia, "Shuka. Na mvi zote hizo, unalipwa kupasha kiti moto?"

"Mama, mimi naenda nyumbani."

"Nyumbani ni hapa stejini." Nikamvuta koti mpaka akashuka, akangojea gari la nyuma.

Kule Siakago, mama ya msichana alikuwa ashanimiminia chai bwanake alipoingia. Akanitazama, akashika kiti.

"Mama, hiki naweza kukalia?"