Droo ya Mgeni

Dada yangu ni fundi wa kompyuta, lakini ukimtazama akigawa diski utadhani anaunda kabati. Hushika kidevu, hufumba jicho moja, hunung'unika peke yake. Baba mtupu! Baba alikuwa seremala, na katika kabati la chumbani kwake na mama aliacha droo moja tupu. "Ya mgeni hiyo," alisema. Mama, fundi cherehani asiye na pa kuweka nyuzi zake, aligombana naye maisha yao yote kwa ajili ya droo hiyo. Walikuwa wakirushiana maneno mpaka wanaangua kicheko, nasi watoto tunacheka huku ukumbini. Natamani kuwasikia tena. Mgeni hakuja, baba akafariki, na droo hakuna aliyeigusa.

Majuzi kompyuta kuukuu ya mama ilianza kukohoa. Humo ndimo alimochora maua yake yote ya kutarizi, na programu yake haikubali kukaa kwenye kompyuta mpya. Ikizima moja kwa moja, kazi ya maisha yake imekwenda na maji. Dada akaja na dawa: ndani ya kompyuta mpya ataunda nyingine ya kuigiza, ifanane na ile kuukuu.

"Kumbe kompyuta nazo hushika mimba?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Tulia nizalishe."

Diski ya hiyo mpya akaigawa sehemu tatu: moja ya mfumo, moja ya maua, ya tatu akaiacha tupu. Nikamcheka kwamba anapoteza nafasi bure. Akanikata jicho.

Maua yakaanza kuhama. Kumbe mama hafuti kitu. Akibadilisha jani moja, anahifadhi ua zima upya. Sehemu ya maua ikajaa pomoni, kazi ikasimama, na diski kuukuu ikaanza kukwaruza.

"Yaliyobaki weka kwenye ile tupu!" nikapiga kelele.

Dada mkono uko kwenye kipanya, hausogei. Machozi yanamlengalenga.

"Hiyo tupu ni ya nini?" mama akauliza.

"Ya mgeni."

Mama akamshika bega. "Basi mgeni ndiye huyu kafika, mwanangu. Mfungulie, asije akafia mlangoni."

Ua la mwisho lilipoingia, ile kuukuu ikazima, haikuwaka tena. Jioni nikamkuta mama chumbani anapanga nyuzi zake kwenye droo ya baba, akimgombeza kwa sauti ya chini.