Bibi Niliyemtunga Mezani

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa sitaki, mwanangu. Hunijia mchana kweupe, napura maharage au nafunga lango la zizi, na ghafla nywele za mikono husimama. Nimesikia umechaguliwa kusomea ufamasia, na kwamba hutaki kuishia dukani. Unataka kubaki chuoni, ufundishe na utafiti namna watu wanavyotumia dawa majumbani. Ni kazi njema. Ndiyo maana nakusimulia jambo ambalo hata watoto niliowazaa nimewaambia nusu tu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi hapa Karatu sina mbele wala nyuma. Nilijua Kiiraqw cha nyumbani na Kiswahili cha shule, na mwandiko wangu ulikuwa wa kupendeza. Basi hayo yalitosha kunipatia kibarua kwa Mwalimu Tumaini. Alikuwa mama mrefu, mpole wa sauti, aliyefundisha wafamasia katika chuo kimoja huko Pwani, na wakati huo alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu. Swali lake nililiona dogo: mgonjwa akishatoka zahanati au duka la dawa, akifika kwake, anazimezaje zile dawa?

Alinifundisha siku mbili kabla ya kunikabidhi madodoso.

"Usimuulize mtu kama anameza dawa vizuri," alisema. "Kila mtu atakujibu ndiyo. Mwombe akutolee mfuko wake wa dawa uone kwa macho yako."

Akanipa mfano. Alisema unaweza kumkuta mzee wa kisukari ana pakiti mbili, nyekundu ya zahanati na ya kijani ya dukani. Majina mawili, dawa ile ile. Mzee anameza zote. Sukari inashuka kupita kiasi, asubuhi anatetemeka, jasho la baridi linamtoka, anaanguka. Watu wanasema karogwa. Siku moja haamki.

Nilipewa eneo la Endabash, nyumba thelathini na mbili za pande zote mbili za korongo. Jumanne nilipanda baiskeli. Jua lilikuwa kali, upepo ukinipiga vumbi jekundu usoni, na kabla sijafika hata nusu ya njia nilijiambia: kwani nani atajua? Nikageuza. Nilikwenda kukaa kwenye hoteli ya Mzee Saidi mjini, nikaagiza chai na chapati, nikaanza kujaza madodoso.

Mzee Saidi alikuwa mtu wa utani. Alipita na birika, akachungulia.

"Wee Safari, hao wagonjwa wako umewaficha wapi? Nasikia kalamu tu, sisikii mtu akikohoa."

"Wako njiani, mzee."

"Basi wakifika uniambie niongeze vikombe."

Nilicheka. Ukianza kutunga watu, mwanangu, wanakuja kwa wepesi unaotisha. Namba moja nilimpa vidonda vya tumbo, namba mbili malaria, namba tatu presha. Majina hayakuandikwa, ndivyo utafiti ulivyotaka. Yaliandikwa maelezo ya nyumba tu, ili ukihitaji kurudi uione. Nilipofika namba kumi na tisa nilikuwa nimechoka, nikataka kumfurahisha Mwalimu. Nikachukua mfano wake mwenyewe. Nikaandika: bibi, hajui umri wake, anaishi peke yake, nyumba ya mwisho kabla ya korongo, mlango wa bluu, kigoda cha miguu mitatu kando ya mlango. Ana kisukari. Pakiti mbili, nyekundu na kijani. Huanguka asubuhi.

Jambo moja sikuliandika kwa sababu halikuwa na nafasi kwenye karatasi. Nilipokuwa namtunga nilimwona akilini akishika zile pakiti, na kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kama kilichovunjika zamani kikaungwa vibaya. Sijui kwa nini nilikiona.

Ijumaa Mwalimu alizisoma karatasi zangu akiwa amekaa nje ya nyumba aliyopanga. Akafika kwenye moja, akaisoma mara mbili. Akaniita.

"Kaka Safari, huyu wa kumi na tisa ulimwacha hivi hivi?"

"Nilimwambia aende zahanati, Mwalimu." Uongo wa kwanza hauzai pacha, huzaa ukoo mzima.

"Alikwenda?"

"Sijui."

Aliinuka hata chai yake hakuimaliza. "Huyu bibi anaweza kufa leo, anaweza kufa kesho. Ingia kwenye gari."

Ningesema pale pale. Mdomo ulikuwa wangu, na barabara ilikuwa bado ndefu. Lakini nilishapanga: nyumba hatutaiona, nitasema nimechanganya karatasi, yatakwisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi siku ile niliomba iwe ndefu, gari lisifike kamwe.

Endabash tulikuta upepo umetulia. Vumbi lilining'inia hewani bila kwenda popote. Mwanamume mmoja alikuwa akikarabati ua wake wa minyaa, Mwalimu akamuuliza kama kuna nyumba yenye mlango wa bluu. Nilitazama midomo ya mtu yule nikingoja aseme hakuna.

"Ile pale, ya mwisho kabla ya korongo," alisema. "Ila mwende taratibu. Bibi anaumwa, na kuna neno bado hajaambiwa."

Mwanangu, miguu yangu ilikwenda, mimi mwenyewe nilibaki kwenye gari. Mlango ulikuwa wa bluu. Kando yake palikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Kuku walikuwa wamesimama chini ya ghala, wote wakitazama upande mmoja, hakuna aliyedonoa. Ndani, bibi mmoja alikuwa ameketi kitandani amejifunika shuka.

"Shikamoo, bibi," Mwalimu alisema.

"Marahaba." Kisha akanitazama mimi. "Umerudi, mjukuu wangu. Nilijua utarudi."

"Unamfahamu?" Mwalimu akamuuliza.

"Si alikuja Jumanne! Alikaa kwenye kigoda hicho akaniuliza habari za vidonge, akaandika. Nikampa maji akakataa. Nikasema, kijana gani huyu, jua lote hili hasikii kiu?"

Mwalimu alinigeukia akatabasamu, tabasamu la mwalimu aliyeona mwanafunzi wake amefanya kazi. Nami nikalipokea. Ndiyo, nakiri, nililipokea. Bibi alitoa mfuko chini ya mto, akatoa pakiti nyekundu, kisha ya kijani. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimepinda kuelekea ndani.

Walisema wahenga, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni nikidhani ni la wambea.

Mwalimu alifanya kazi yake bila papara. Alimkorogea bibi uji wenye sukari, akaiweka kando pakiti ya kijani, akamweleza kwa nini, kisha akamtaka arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Bibi akayarudia. Rangi ikaanza kumrudia usoni. Ndipo akanigeukia tena.

"Na dada yangu je? Uliniahidi utavuka korongo umwone na yeye. Tuna ugonjwa mmoja, nami nilimgawia hivi vya kijani aongezee vyake. Nikamtumia salamu kwamba mtu wa dawa anakuja. Anakungoja."

Tulivuka korongo kwa miguu. Upande wa pili tulikuta mabenchi yametolewa nje, wanaume wamekaa, majembe yameegemezwa ukutani yakiwa na udongo mbichi. Mke wa mpwa wa yule dada ndiye aliyetueleza. Alhamisi asubuhi walimkuta ameanguka mlangoni, amelowa jasho la baridi, uso umeelekea njiani. Wamemzika asubuhi hiyo ya Ijumaa. Dada yake wa mlango wa bluu hajaambiwa kwa kuwa naye ni mgonjwa.

"Alikuwa anangoja mtu wa dawa," yule mama alisema. "Jumatano nzima alikaa pale. Tukamwambia, ingia ndani ule. Akasema akiingia watampita."

Sikuweza tena. Tukiwa ukingoni mwa korongo nilimwambia Mwalimu kila kitu: hoteli, chai, chapati, karatasi zote thelathini na mbili. Nilimwambia sijawahi kukanyaga Endabash katika maisha yangu kabla ya siku ile.

Nilitegemea matusi, ningefarijika nayo.

"Na bibi aliyekuona?"

"Sijui, Mwalimu. Wallahi sijui."

"Hata mimi sijui," alisema. "Lakini sikiliza, Safari. Uongo unaokanushwa hauniogopeshi, huo tunaukamata. Ninaogopa uongo unaobahatika kuwa kweli. Leo nimeingia nyumba ile nikaamini karatasi zako zote. Ningekwenda nazo chuoni. Ningefundishia watoto wa watu. Na nyumba hii ya ng'ambo ilikuwa kwenye eneo lako."

Hakunifukuza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alipiga mstari mwekundu kwenye karatasi zote, akawaandikia wakubwa wake ukweli, na tasnifu yake ikachelewa kwa sababu yangu. Kisha akanipa madodoso matupu, akaniambia nianze nyumba ya kwanza, kwa miguu.

Bibi wa mlango wa bluu nilimfikia siku ya tano. Alikuwa ameshaambiwa msiba, macho yamemvimba, lakini alikuwa na nguvu, na asubuhi hakuwa akianguka tena. Nilimuuliza maswali yote. Kuhusu siku za kabla ya Ijumaa ile, majibu yake yalikuwa yale yale niliyoyaandika mezani, neno kwa neno. Nikafika swali la mwisho la dodoso: je, kabla ya leo, kuna mtu yeyote aliyewahi kuja nyumbani kwako kukuuliza kuhusu dawa zako?

Alinitazama bila kupepesa macho.

"Hapana," alisema. "Mama yule mrefu alikuja akanikorogea uji. Mtu wa kuuliza, wewe ndiye wa kwanza."

Niliandika alivyosema. Mwandiko wangu mzuri haukusomeka.

Sina maelezo, mwanangu, na siku hizi sitafuti. Sisemi kwamba vidonge ndivyo vilivyomuua yule dada; siwezi kuthibitisha, na Mwalimu alinifundisha nisiandike nisichokiona. Ninachojua ni kwamba palihitajika mtu kwenye kigoda kile Jumanne, na huyo mtu nilikuwa mimi, nami nilikuwa nakunywa chai. Majuto ni mjukuu, walisema. Wangu amezeeka pamoja nami.

Mwalimu alikuja kuwa profesa. Kwa miaka mingi alileta wanafunzi huku, nami nikiwatembeza, na kila mara aliwasimulia habari hii bila kutaja jina langu, hata nikiwa nimesimama kando yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Utakapokuwa mwalimu na mtafiti, fika. Kabla ya kalamu, miguu. Karatasi ikikupendeza sana, ikikubaliana na ulichokuwa unataka kukisikia, ndiyo uirudishe nyumbani kwa mwenyewe ukaihakiki. Ukikosea, sema ukiwa bado barabarani, usingoje ukute majembe yana udongo mbichi. Na ukumbuke kwamba nyuma ya kila namba yupo mtu aliyekaa mlangoni, anaogopa kuingia ndani kula asije akapitwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na miguu isiyochoka. Kila mlango utakaobisha ufunguliwe na aliye hai, na wanaokungoja uwakute.