Nilivyomponda Albert Dukani

Wasomaji wenzangu, nichekeni tu, maana mimi mwenyewe bado najicheka. Nauza vitabu hapa Kisangani, na kitabu nisichokipenda sijui kukisifu.

Juzi akaingia bwana mmoja mwenye suti safi ya abakosti, ile isiyovaliwa tai, pamoja na mke wake. Ni directeur mpya wa shule, anatafuta vitabu vya wanafunzi. Nikafurahi, nikamwaga yote! Ile riwaya ya wawindaji wa Opala? Ilinisinzisha mpaka wali ukaungua jikoni! Kile kitabu cha kufuga kuku? Mwandishi wake hajawahi hata kunusa kuku!

"Na hiki?" akauliza, akinionyesha riwaya nyembamba ya Albert fulani, iliyochapwa kabla serikali haijakataza majina ya kizungu na kutuamuru tuitane citoyen, yaani raia.

"Ah non, citoyen! Hii iko mubaya. Ule Albert hajue mapenzi. Mwanamuke wa mu kitabu analiaka tu, mwanzo mpaka mwisho, juu ya mwanaume mwenye hana hata akili!"

Mke akacheka mpaka akashika meza. Kuona hivyo, nikazidi kupamba moto.

Ndipo tonton Ramazani, mzee mwenye duka, akatokea nyuma na kumkumbatia mgeni. "Albert! Pardon, sasa ni citoyen Lokwa! Njo weye kweli?"

Nikalitazama tena jina kwenye jalada. Mke akafuta machozi ya kicheko, akanisogelea.

"Endelea, mama," akasema. "Ule mwanamuke wa mu kitabu ni miye. Na ni kweli, nililiaka sana."