Kwenda Msambweni Kumuulizia Baba

Nilipokuwa mtoto Msambweni niliamini kabisa kwamba chini ya bahari ya Galu kuna hoteli. Wazungu walishuka kwa ngazi ya vioo, na mpishi wao mkuu alikuwa baba yangu. Hakuweza kurudi nyumbani kwa sababu aliyezoea kina kile akipanda juu masikio humpasuka. Aliyenieleza ni mama mkubwa Mejumaa, dada yake mama. Nami nikawaeleza watoto wa mtaa mzima, wakanionea wivu wa kufa mtu. Jumamosi nilikuwa nikilala ufuoni kutwa, sikio mchangani, nikisikiliza sufuria.

Leo nina miaka hamsini na mbili na cheti cha shule ya jioni, darasa lililojaa wazee hata mwalimu alikuwa akituamkia shikamoo kabla ya kutufokea. Hoteli ile niliacha kuiamini zamani. Lakini kila mwezi wa Shaaban, tunapoandika majina ya marehemu wetu ili maalim ayasome kwenye hitima, kalamu yangu hukwama. Nikimwandika baba naye yu hai, nimemzika kwa mkono wangu. Nikimwacha naye amekufa, nimemnyima dua. Mwaka huu nikasema basi, nitakwenda kuuliza.

Alfajiri niliondoka Voi na begi lenye uzito wa ndovu wawili: sukari, majani ya chai na leso za mama mkubwa. Pale Likoni kivuko kilibeba nusu ya Kenya, na nusu hiyo yote ilinikanyaga mguu wa kushoto.

Adhuhuri nilifika Ukunda, nikamwita kijana wa bodaboda.

"Buda, we ni mtalii?" akaniuliza.

"Mimi ni mwenyeji wa Msambweni! Nimezaliwa huko. Ukifika sokoni, uniulizie nyumba ya Bi Mejumaa."

"Mwenyeji gani anauliziwa kwao?"

Alicheka hadi pikipiki ikayumba. Mimi nilicheka pia, ila kicheko changu kiliishia njiani.

Saa nane nilikuwa Msambweni. Kiwanja chetu cha mpira kimejengwa vibanda. Nilisimama palepale lilipokuwa goli langu, nikauziwa chaja ya simu. Mibibo tuliyokuwa tukiiibia korosho imekatwa yote. Nyumba yetu imebaki ukuta mmoja, umeegemezwa mabati ya jirani. Zamani mgeni hakuvuka mtaa ule bila kuulizwa ukoo wake hadi babu wa saba. Siku hiyo nilipita na begi langu kichwani, na hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Mama mkubwa nilimkuta barazani, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ni mimi, Hamisi."

"Hamisi wa marehemu Fatuma? Mbona sauti imenenepa hivyo?"

Sikungoja hata kuvua viatu. "Mama, baba yu hai?"

"Kula kwanza."

Nililetewa wali wa nazi wa kulisha kikosi. Nikaumaliza, nikauliza tena.

"Pumzika kwanza, umetoka mbali," akasema, akageuza uso ukutani. Nikajua jibu lipo, na kwamba ni zito.

Kesho yake asubuhi nilijiandaa kurudi. Nilimwomba abaki kitini. Akakataa, mgeni husindikizwa. Tulikwenda hatua kwa hatua, mkono wake begani mwangu, mpaka kando ya barabara ya lami. Hapo akasimama, na mkono hakuutoa.

"Ile hoteli niliizua mimi, unyamaze kulia," alisema. "Baba yako alikuwa akifagia bustani pale Galu, juu ya ardhi kama watu wote. Alipooa mke wa pili kule Bodo, mama yako akamfungia mlango. Akaniapisha nisikwambie."

"Aliwahi kuniulizia?"

"Kila Jumapili alikuja kukuona. Mama yako alihakikisha uko chuoni kwa maalim, naye akarudishwa mlangoni. Amekufa, mwanangu. Kaburi lake liko Bodo, na Shaaban saba zimeshapita. Mwandike."