Ule mchanga mtupu wa Matema, na kiwanja namba nne

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Juzi kijana mmoja kaweka humu picha za Matema, Ziwa Nyasa mbele, Milima ya Livingstone nyuma. Akauliza kwa nini wenyeji wa zamani waliacha beach nzuri vile bila nyumba.

Najua jibu la sehemu moja tu. Nitaandika niliyoyaona, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema. Shule yangu iliishia la saba, mnivumilie.

Katikati ya miaka ya sabini tuliteremshwa na serikali kutoka milimani, tukae kijiji kimoja kando ya ziwa. Nisiwe mchoyo wa ukweli: shule tulipata, kisima tulipata.

Afisa aliyepima viwanja alinichagua niandike majina, kwa sababu ya mwandiko wangu. Akanipa penseli na raba. "Ukikosea, futa."

Mimi nikaenda kuazima peni ya wino kwa mwalimu. Nilitaka karatasi ipendeze.

Palikuwa na mjane mwenyeji wa ziwani, Bibi Tumpe, mfinyanzi. Kina mama wa kule walifinyanga vyungu na kuvipeleka sokoni kwa mtumbwi. Nikamwandika kiwanja namba nne, pale mto unapoingia ziwani. Udongo karibu, maji karibu, na miguu yake ilishachoka. Nilidhani namfanyia wema. Au ndivyo ninavyojitetea, sijui.

Alikuja siku ileile.

"Mwanangu, pale tunaanika vyungu. Hatulali."

"Bibi, serikali imeshapima."

"Na mto nao waliupima?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kesho yake akarudi, safari hii hana utani. "Niandike kule juu kwa dada yangu. Hata nikilala jikoni kwake, sawa tu."

Afisa alisharuhusu watu kubadilishana viwanja. Tatizo lilikuwa mimi. Karatasi ilikuwa safi, mistari imenyooka, na wino haufutiki. Sikutaka kukata jina. Nikamwambia asubiri Jumatatu, nitaandika karatasi nyingine.

"Haya baba, nitasubiri."

Jumatatu nikaenda kupanda mpunga. Nilikuwa na daftari la kuandika mambo ya kila siku, ninalo mpaka leo. Siku hiyo niliandika: "Nimepanda. Mvua kidogo." Bibi hayumo.

Alhamisi mchana, ufukweni jua linawaka, ila mlima umekuwa mweusi wote. Wenyeji wanaijua dalili hiyo: mvua inapiga juu, mto utashuka umefurika. Kina mama waliokuwa wanaanika vyungu wakaanza kupanda juu. Zamani Bibi naye angepanda nao. Lakini sasa nyumba yake ya miti na nyasi, aliyosimamishiwa haraka wiki ile, ilikuwa palepale, na vyungu vibichi vimejaa ndani.

Dada yake akamwita. Akajibu, "Tangulia, nafunika hivi viwili."

Mto ukashuka na mawe na magogo, mlio kama lori linamwaga kokoto. Mimi nilikuwa shambani, juu kidogo, nikaona. Sikukimbia kwenda chini. Watu wanasema hata ningekimbia nisingefika. Inawezekana.

Wavuvi walimkuta siku ya pili kwenye matete. Vyungu havikuonekana, vilirudi kuwa udongo.

Afisa alipokuja akaomba karatasi. Akapitisha kidole juu ya wino.

"Si nilikupa penseli?"

Hakunigombeza. Baadaye nilisikia watu wakimlaumu yeye peke yake. Alikosea kupima pale bila kuuliza wenyeji, kweli. Ila penseli alinipa.

Wakuu, nendeni Matema, ni pazuri, sikatazi. Lakini ukikuta mahali pazuri na wenyeji hawajajenga, muulize mama anayefanya kazi pale, na akikujibu usicheke.

Sasa naishi Ipogolo, Iringa. Mwaka juzi nilirudi kule. Kiwanja namba nne hakipo tena, mto umepita katikati. Karatasi ilikuwa bado kwa mwenyekiti wa kijiji, imekuwa ya njano. Jina la Bibi Tumpe linasomeka vizuri kuliko yote.

Mwenye asili ya kule aongeze, na kama nimemwonea mtu, anisahihishe.