Nyumba Iliyokuwa Kando ya Pompi

Madame Evodie alifundisha Kiingereza na elimu ya uraia katika shule moja ya sekondari iliyo mlimani, juu ya mji wa Kalemie. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na darasa lake lilitulia kuliko madarasa ya wanaume wenye fimbo. Kitabu cha Kiingereza walichokuwa nacho kilisimulia familia moja iliyokwenda kungoja treni na miavuli yao. Wanafunzi walikuwa wamekikariri hadi nukta, bila kujua wanasema nini. Septemba, shule ilipofunguliwa, Evodie alikifungia kabatini.

"Lugha inataka muntu mwenye neno la kusema," aliliambia darasa la nne. "Na ninyi neno munalo. Liko pale chini, ndani ya maji."

Kila mmoja alimwelewa. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mitaa ya ukingoni. Avenyi ya Misufi, mtaa wa karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani, ilizama yote, na watu wake wakatawanyika mlimani kwa ndugu zao. Evodie mwenyewe alikulia Misufi, nyumbani kwa Mama Christiane, dada ya mama yake. Walihama pamoja, magodoro kichwani, kama wengine. Sasa maji yalikuwa yanarudi nyuma polepole, yakiacha matope na misingi ya nyumba.

Kazi aliyowapa ilikuwa hivi. Wajigawe makundi matatu, kila kundi litafute wazee wake waliohama Misufi. Wawaulize, kisha wachore ramani ya avenyi ilivyokuwa zamani, wakati Madame wao alikuwa mtoto. Chini ya kila nyumba waandike kwa Kiingereza, kwa wakati uliopita: hapa aliishi nani, alifanya kazi gani, alipenda nini.

Siku ya kuleta kazi hapakuwa na upepo. Nyika zilikuwa zinachomwa huko bara, na moshi ulifunika ziwa hata mtu asione maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Kundi la Hénoc lilitangulia. Walibandika karatasi yao ubaoni, na Hénoc akaanza kusoma. Hapa aliishi Papa Salomon, alitengeneza baiskeli, alipenda samaki wadogo wa ndagala wenye pilipili nyingi. Darasa likacheka, na Evodie akacheka, maana ilikuwa kweli. Hapa palikuwa na pompi ya maji. Kisha Hénoc akaruka nyumba moja, akaendelea na ya tatu.

"Umeacha moja," Evodie alisema. "Hiyo ya kati. Nani alikaa humo?"

"Hawakutuambia, Madame. Nyumba wanaikumbuka. Jina walikataa."

Evodie alisogea karibu. Kati ya pompi na kwa Papa Salomon walikuwa wamechora nyumba ndogo yenye mlango mmoja na dirisha moja.

"Hapa hapakuwa na nyumba," alisema kwa upole. "Miye nililala nyumba chache tu toka hapa miaka yote. Hapa palikuwa kiwanja cha majani tu. Pengine walichanganya na avenyi ingine."

Alichukua chaki, akatia alama ndogo ya kosa, akaliita kundi la pili. Kundi hilo lilikuwa la Sabrina, msichana wa kutoka familia za Kiislamu za kando ya ziwa, ambaye bibi zake walijua habari za Misufi kuliko mtu yeyote. Ramani yao ilikuwa nzuri zaidi, yenye rangi. Kati ya pompi na kwa Papa Salomon ilikuwepo nyumba ileile, mlango mmoja, dirisha moja. Na juu ya dirisha walikuwa wamechora mistari miwili iliyopishana.

"Hii ni nini?"

"Mbao, Madame. Dirisha lilipigiliwa mbao."

Kundi la tatu halikungoja kuitwa. Wilfried alifungua karatasi yao akiwa bado amekaa, akaigeuza ili Madame aione. Nyumba ilikuwepo, na mbao zilikuwepo. Hakuna aliyecheka tena. Evodie aliona kwamba wanafunzi hawaangalii ramani, wanamwangalia yeye.

"Ninyi munajua kitu," alisema.

Sabrina alisimama. Alikuwa msichana wa adabu, na alizungumza akiinamisha macho. "Hatujui kitu, Madame. Miye nilimuuliza Bibi Zabibu, mzee wa kule Misufi. Nilimuuliza nani alikaa ndani ya ile nyumba. Alisema: mukamuulize Madame yenu."

"Hata sisi," Hénoc alisema. "Papa Salomon alisema vile vile. Madame yenu njo anajua."

Wilfried naye alitikisa kichwa kukubali.

Evodie aliwapa alama zao, nzuri zote, akafundisha mpaka kengele. Baadaye hakukumbuka alifundisha nini.

Mchana ule hakwenda nyumbani. Alishuka mjini, akapita soko la samaki wa mikebuka waliokaushwa, akafika pale njia ya Misufi ilipokuwa inaanzia. Matope yalikuwa yamekauka juu na kupasuka. Misingi ilionekana kama meno yaliyooza, na maji ya kijivu yalilala kimya nyuma yake. Alipata pompi, imepinda, imeshika kutu. Alipata sakafu ya Papa Salomon, yenye madoa ya mafuta ambayo hata ziwa halikuweza kuyaosha. Na kati ya hivyo viwili, palipokuwa kiwanja chake cha majani, maji yalikuwa yamekwangua udongo na kufunua mstari wa mawe, umejengwa mraba, mdogo, wenye nafasi ya mlango mmoja.

Alitaka kuingia. Miguu yake ilikataa. Ilimzungusha yenyewe, ikampeleka upande wa pili wa njia, na hapo ndipo alipotambua kwamba utoto wake wote, kila alipotumwa maji, alikuwa anavuka njia kabla ya kufika hapa, anapita mbali, kisha anavuka tena hadi pompi. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Alijilazimisha. Alikanyaga jiwe la mlangoni, akaingia ndani ya mraba. Mkono wake wa kushoto uliinuka peke yake, chini sana, mahali ambapo mtoto mdogo angefikia, ukasukuma hewa. Ulisukuma tena. Evodie aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha koo lake lilianza kumuuma, maumivu ya mtu aliyepiga kelele kwa muda mrefu, naye hakuwa amesema neno tangu shuleni.

Mama Christiane alikuwa anasonga ugali wa bukari Evodie alipofika nyumbani. Aliona matope kwenye viatu vyake, akaondoa sufuria motoni.

"Umetoka wapi?"

"Misufi. Mama, nani alikaa kando ya pompi?"

Mama Christiane alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini sasa alifuta mikono yake kwa kanga, akaifuta tena, na ilikuwa imekwisha kukauka.

"Nani alikuambia?"

"Watoto wa shule. Niliwapa kazi ya nyumbani."

"Nilikuambia mama yako alikufa siku ya kukuzaa," Mama Christiane alisema. "Ule ulikuwa uongo wangu. Florentine alikufa ndani ya ile nyumba, na weye ulikuwa umeisha kuwa mutoto wa kutembea, wa kusema, wa kutumwa dukani."

Ilikuwa wakati wa vita, alieleza. Barabara zilifungwa, yeye mwenyewe alikuwa amekwama Niemba. Kipindupindu kiliingia Misufi na dawa hazikuwepo. Watu walikufa nyumba kwa nyumba, na wenye uzima waliingiwa na wazimu wa hofu. Florentine alipougua, majirani walipigilia mbao dirishani na mlangoni, ugonjwa usitoke. Walisema wote wawili, mama na mtoto, wamekwisha kufa.

"Walijua miye sijafa?"

"Uliwaita." Mama Christiane alimtazama usoni. "Uliita kila mumoja kwa jina lake. Mama Zabibu, fungua. Papa Salomon, fungua. Ulijua majina ya wote, ulikuwa mutoto wa kupendwa. Wakasikia. Kisha ukanyamaza. Miye nilipofika nilivunja mulango na shoka. Ulikuwa umekaa kando ya mama yako unamuchana nywele. Ukaniambia: sema pole pole, amelala."

Evodie hakulia. Aliuliza kwa nini yeye haikumbuki ile nyumba.

"Hukusema neno muda murefu. Siku uliposema tena, uliniita Mama. Nyumba walikuwa wamebomoa. Nilikuonyesha mahali pale, ukasema hapa hapana nyumba, hapa ni majani. Nikaona Mungu amekufunika. Nikawaambia watu wa avenyi: muntu asimwambie, mpaka aulize yeye mwenyewe. Wakakubali. Nani angekataa kunyamaza?"

Kesho yake Evodie alikwenda kwa Bibi Zabibu, aliyekuwa anakaa sasa kwa mwanawe, chumba cha mlimani kinachotazama ziwa. Mzee alikuwa ameketi juu ya mkeka, macho yamefifia. Alitambua nani ameingia kabla ya salamu.

"Umekuja kuuliza," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Tumekungoja sana." Alipapasa mkeka, Evodie akakaa. "Kuna neno moja Christiane hajui. Siku maji yaliingia Misufi, alfajiri, kabla ya muntu yeyote kuyaona, miye nilisikia mutoto ananiita. Mama Zabibu, fungua. Nikafungua mulango, maji yako mlangoni. Salomon naye alisikia jina lake. Kila nyumba ya wale wa zamani walisikia. Ndiyo maana hakuna aliyekufa."

"Mama alinisikia? Mama Christiane?"

"Yeye hakuitwa. Hakuwa pale siku ile mutoto alituita mara ya kwanza."

Evodie alikumbuka alfajiri hiyo. Alikuwa amelala, na Mama Christiane alimwamsha kwa sababu majirani walikuwa tayari nje na mizigo yao, wamesimama gizani, wanatazama nyumba aliyolala yeye.

"Miye ni mzima, Bibi," alisema. "Sikumwita muntu."

"Najua. Ulikuwa mzima hata siku ile ya mbao."

Bibi Zabibu alisema kwamba hajui aombe msamaha kwa nani, kwa mwanamke aliyeketi hapa au kwa yule mtoto, maana kwake ni watu wawili. Evodie alisema hajui yeye pia. Kisha akauliza lile alilokuja kuuliza hasa: Florentine alikuwa mtu wa namna gani?

Mzee alifikiri, na uso wake ukalegea. Alisema Florentine alikaanga mikebuka jioni na kuuza penye pompi, alicheka na kila mtu, alipenda redio kiasi kwamba aliibeba hata chooni. Alisema: weye una shingo yake. Alisimulia mpaka adhana ya alasiri ikamkatiza.

Evodie alimwomba aje shuleni. Prefe, mkuu wa shule, hakuona ubaya: mzee kuja darasani kuulizwa maswali ni kazi nzuri ya uraia. Bibi Zabibu akaja, akishikwa mkono na Sabrina, akakalishwa mbele. Wanafunzi waliuliza kwa zamu, naye akajibu kwa Kiswahili, na Madame alitafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kama walivyozoea.

Hénoc ndiye aliyeuliza. "Bibi, ndani ya ile nyumba kando ya pompi, nani alikaa?"

Evodie angeweza kuzuia swali hilo. Hakulizuia. Bibi Zabibu alisema jina la Florentine. Alisema ugonjwa, mbao, misumari. Alisema: mtoto alituita na tulisikia na hatukufungua. Halafu akangoja tafsiri.

Darasa lilimtazama Madame. Aliitafsiri yote, kwa sauti yake ya chini, wakati uliopita, bila kosa. Katika Kiingereza alisema "mtoto", hakusema "mimi". Lakini alipofika mwisho Sabrina alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, na Wilfried aliinuka, akaenda ubaoni, akafuta kwa kidole ile alama ya kosa iliyobaki kwenye ramani ya kundi la Hénoc.

"Madame," alisema, "alipenda nini? Tuandike."

"Redio," Evodie alisema. "Andika redio."

Jumapili, baada ya misa, Mama Christiane alimpeleka mahali walipozikwa watu wa kipindupindu. Palikuwa mteremko nyuma ya mji, hauna msalaba wala jiwe. Majani yaliyochomwa yalikuwa yanaanza kuchipua upya, na moshi ulikuwa umeondoka. Ziwa lilionekana lote mpaka milima ya upande wa Tanzania. Mama Christiane alionyesha kwa mkono, toka hapa mpaka pale, hakujua zaidi ya hivyo.

Evodie alisimama katikati. Alimwita mama yake kwa jina, si kwa nguvu, kisha akatulia kusikiliza.

"Umesikia kitu?" Mama Christiane aliuliza baada ya muda.

"Hapana."

"Basi tushuke. Jua ni kali."

"Tukae kidogo, Mama," Evodie alisema, akatandika kanga yake chini, na Mama Christiane akaja akakaa kando yake.